Bwana Harusi wa Kwenye Majani ya Magimbi

Manka mwanangu,

Wageni huambiwa mlima huu una vilele viwili, Kibo na Mawenzi. Sisi wa Kilema tunajua kuna cha tatu, nacho ni baba yako mdogo. Uliza popote, kuanzia kanisani mpaka kilabu cha mbege: nani alimkemea chui akarudi msituni kwa aibu, nani alibeba gunia la kahawa mpaka Moshi mjini bila kulitua, nani aliachia shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa cha kumfundisha. Watalitaja jina langu. Wengine watacheka kwanza, lakini watalitaja.

Barua za namna hii watu huziandika usiku, nyumba ikiwa imelala. Mimi naiandika mchana, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko la bibi yako, jua limefika mgomba wa pili. Wewe umeshuka mjini kununua begi. Sababu ya kuandika mchana ninayo, nitaisema mwishoni nikipata moyo.

Ulitaka kujua jana kama nina huzuni. Nilikujibu kwamba mwanaume wa ukoo wetu hahuzuniki, anakohoa tu. Baadaye nilijipekua, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Sikukuta kitu. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu unavyokufa ganzi, ukiusimamia hujui kama ni wako au wa jirani? Tangu tumzike bibi yako masika yaliyopita, niko hivyo mwili mzima. Ng'ombe nakamua. Salamu naitikia. Mtori nakula nikiambiwa kuna mtori. Kesho utapanda basi kwenda kusomea kilimo, na nyumba hii niliyozaliwa itabaki na mimi na ng'ombe, na bado hakuna kinachouma. Nakuambia ili ukiniona stendi nimesimama kama nguzo usidhani sijali.

Mambo ya nauli, ya kuficha pesa, ya kutokula chakula cha njiani, jirani yetu Mama Prisca ameshakuambia, tena mara nyingi kuliko rozari. Siyarudii. Mimi nataka kukuandikia juu ya bwana harusi.

Jina hilo ulilitoa wewe, ukiwa darasa la pili. Wazazi wako walikuwa wameshatutoka wote wawili, unalala na bibi yako kitanda kimoja, na hukuwa unaongea sana. Kazi yako ilikuwa kulala kifudifudi pale mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee, unapoingia kwenye kihamba chetu, shamba hili la nyumbani, mahali maji yanapolainisha udongo na magimbi yanaota makubwa kama miavuli. Siku moja ukaniita. Ukasema, baba mdogo, njoo uone, kuna nzi amevaa suti.

Nikaja. Ukanionyesha juu ya jani: mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, kijani kinachong'aa kama shaba iliyosuguliwa na majivu, amejiinua juu ya miguu mirefu myembamba kama mtu anayeogopa kulowesha suruali. Hakutulia. Anakimbia kidogo, anasimama, anageuka, anakimbia tena. Macho yamejaa kichwa kizima. Na kwenye miguu yake, ulisema, kuna vishada vyeusi kama vibendera. Akaja mwingine, miguu yake mitupu, akasimama pembeni ya jani. Basi yule wa vibendera akanyanyua mguu akampungia. Akashusha, akanyanyua mwingine. Akaruka juu yake, akatua upande wa pili, akapunga tena. Yule jike akamtazama, akaondoka zake. Dume akabaki na mguu wake hewani.

"Bwana harusi amekataliwa," ukasema. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka tangu msiba.

Jioni ile nikalipeleka jambo kilabuni, na unajua likifika kilabuni halirudi lilivyokuwa. Nikasema nimegundua nzi anayecheza ngoma. Nikasema ananijua kwa sauti. Mbege ilipofika nusu nikasema huko juu mpakani mwa msitu niliwahi kumwona mmoja ambaye miguu yake ni kama fito za kujengea banda, akawa ananipungia kwa heshima, mdogo kwa mkubwa. Wakanicheka, lakini waliniongezea kata nyingine. Na yule mtalii wa kamera aliyepita hapa akielekea kwenye maporomoko, unamkumbuka? Alipiga picha asubuhi nzima, taa ya kamera inamulika, na kila picha ilitoka jani tupu. Nikamwambia nzi hawa ni wangu na sijawapa ruhusa. Aliondoka akiamini. Wewe ndiye uliyenieleza usiku, ukiwa sekondari tayari, kwamba macho ya mdudu huyu ni mepesi kiasi kwamba mwanga ukitoka tu ameshauona na kuruka, picha inakuja kukuta mahali alipokuwa. Nilikuambia hilo nilikuwa nalijua.

Mengi nilikuambia nilikuwa nayajua. Kwamba hang'ati mtu wala hatui kwenye chakula wala kwenye mavi. Kwamba ni mwindaji: anamvizia kidukari, yule mnyonya utomvu wa majani, anamkumbatia kwa mdomo wake mpana, anamkamua mpaka abaki ganda. Kwamba watoto wake hawafanani naye hata kidogo, ni viminyoo vyeupe vinavyoishi kwenye tope la kando ya mfongo na chini ya majani yanayooza, navyo huwinda kama baba yao. Kwamba wakikua kila mmoja anajijengea kijumba cha chembe za udongo, anajifungia ndani, anaacha vipembe viwili tu vimechomoza vya kuvutia hewa, halafu siku moja anatoka amevaa suti. Ulikuwa ukinieleza, nami naitikia "ndiyo, ndiyo" kama padri anayesikia maungamo.

Sasa nikuambie kitu juu ya vibendera, maana kesho unakwenda mahali penye vijana wengi na kila mmoja ana cha kupunga.

Mimi pia nilipunga. Kulikuwa na msichana wa Machame, binti wa Kilutheri, alikuwa anakuja kwa shangazi yake hapa Kilema. Nilimwambia nina ng'ombe wanne wa maziwa. Nilikuwa na mbuzi mmoja, tena wa bibi yako. Shangazi akasema vizuri, Jumamosi tutakuja kuwaona. Mtu mwingine angeungama. Mimi nilizunguka kwa majirani nikaazima ng'ombe, nikawafunga bandani, nikakata majani ya migomba nikawarundikia, nikavaa buti za mtu anayekamua. Wakaja. Wakasifia. Bibi yako akawakaribisha huku amenikazia macho yale yake. Maongezi yakanoga, mbege ikamiminwa, mpaka ikafika saa ya kukamua. Ng'ombe unawajua. Wa kwanza akalia. Wa pili akakata kamba, akapita katikati ya wageni, akaenda kwao. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wamejipanga njiani kama wanafunzi wanaotoka shule, kila mmoja akakunja kwenye geti lake. Yule binti aliwaangalia mpaka wa mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole kama mbuzi naye ana kwao.

Kilabuni nimeisimulia mara nyingi na watu hushika mbavu. Ambacho sijawahi kusimulia ni kwamba alikuwa amenipenda kabla ya ng'ombe. Shangazi yake alikuja kuniambia mwaka uliofuata, binti ameshaolewa. Alisema, alikuwa anakuja kukuona wewe, wale ng'ombe walikuwa wa kuniridhisha mimi tu. Kitu cha kuazima kinajua kwao, Manka. Hilo nililipata kwa gharama kubwa na bado sikujifunza. Nimeendelea kupunga, jike ameshaondoka kwenye jani zamani.

Na kosa la mwaka huu unalijua, lakini hujawahi kulisikia kutoka upande wangu.

Baada ya mazishi, nyumba ilijaa watu na masufuria na damu ya ng'ombe aliyechinjwa, na nzi wa kawaida wakaja, wale wa mavi. Mama Prisca akapita akaniambia mbele za watu kwamba nzi wa kwetu ni wengi kuliko waombolezaji. Ndugu walikuwa wanarudi tena kwa misa ya kumwombea marehemu. Wewe ulikuwa umeshuka Moshi kufuatilia vyeti vyako. Nikaazima pampu ya dawa ya kahawa, nikaibeba mgongoni, nikapiga. Nilianzia jikoni, nikaenda mpaka chooni, nikaingia kwenye migomba, nikafuata mfongo wote mpaka kwenye isale za mpakani. Nilipiga magimbi jani kwa jani, juu na chini. Watu walidhani nina hasira. Sikuwa na hasira. Ilikuwa kazi ya mikono, na ilikuwa siku ya kwanza tangu mazishi mikono yangu kujua inafanya nini. Ningeweza kupiga mpaka Kahe.

Ulirudi jioni, ukasikia harufu. Asubuhi nikakukuta umechuchumaa kwenye magimbi. Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Siku zilizofuata ukawa unaniwekea chakula mezani na kuondoka, unasema "shikamoo" na "karibu" na hakuna kingine, na nyumba ikawa na kimya cha aina mbili, cha bibi yako na cha kwako. Halafu vidukari wakashuka kwenye maharage kama masizi. Mama Prisca akaja ukingoni akatazama, akaniambia umefukuza polisi ili ulale vizuri, sasa wezi wamekuja na vitanda.

Ndipo nikakata isale. Unajua kwetu sisi isale ni nini. Ni alama ya mpaka, na ni jani la kuombea radhi. Ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, hawezi kukataa, hata kama ulichoma nyumba yake. Nimeona wazee waliochukiana maisha yao yote wakipatanishwa nalo. Lakini ni mdogo ndiye humpelekea mkubwa, au wa rika kwa rika. Mkubwa kumpelekea mtoto aliyemlea, hilo sijasikia hapa Kilema wala kwingine. Nililifunga, nikalificha ndani ya koti ili Mama Prisca asilione, nikaja mlangoni kwako.

Ulilitazama muda mrefu. Ukalipokea kwa mikono miwili.

"Mimi nimelipokea, baba mdogo," ukasema. "Lakini mabwana harusi hawajalipokea."

Nikauliza nifanye nini. Ukaniambia, na nimefanya yote, shahidi ni mgongo wangu. Majani ya migomba nimeyaacha yaozee chini badala ya kuyafagia. Pampu nimeirudisha kwa mwenyewe. Zamu yetu ya maji ikifika nayaacha yatulie kando ya magimbi mpaka udongo uwe uji. Ulisema wakubwa wamekufa wote, hilo limeisha, lakini huenda watoto walikuwa chini kwenye tope ambako dawa haikufika. Ukasema wakitoka watatokea pale pale, na kama hawapo tena pale hujui watatoka wapi, maana vihamba vya majirani vimeshapigwa dawa na vingine vimeshajengwa nyumba.

Tukaanza kungoja. Wewe asubuhi kabla ya chai, mimi baada ya kukamua. Barua ya chuo ilipokuja nilikuambia uisome kwa sauti, majirani wasikie. Ulisoma, wakasikia, nikatembea na barua kijiji kizima. Tarehe ya kuondoka ikawa inakuja na jani likawa tupu.

Juma lililopita nikaingia jikoni nikakuambia wamerudi. Wawili, nikasema, wanacheza. Uliacha mwiko ndani ya sufuria, ukakimbia bila viatu. Ulikaa pale muda mrefu, ukainama huku na huku. Ukarudi taratibu, ukashika mwiko wako.

"Ni matone ya maji, baba mdogo," ukasema.

Nilianza kusema walikuwepo, wamesikia miguu yako. Ukainua mkono, nikanyamaza. Ukasema hukasiriki. Ukasema umekua na hadithi zangu, umekula na kulala nazo, na ukiwa mbali utazikumbuka hata ile ya chui. Kisha ukaniambia lile neno ambalo nimelibeba mpaka leo kama lile gunia ninalodai nililibeba.

"Nikiwa huko nitakupigia, na nitakuuliza kitu kimoja. Kwenye mengine yote nidanganye ukitaka. Kwenye hicho nataka ukweli: wamerudi au hawajarudi."

Niliapa. Tena niliapa mbele ya Mama Prisca, nikasema macho yangu hayana mfano, kwamba nikisimama kwenye ukingo wetu namwona mwanamke wa Kahe kule bondeni akimwaga maji shambani kwake. Na hilo, Manka, ni karibu na kweli.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi, ulipokwisha kushuka, nilikwenda kwenye magimbi. Nimemwona mmoja.

Alikuwa peke yake, kwenye jani la tatu kutoka kwenye jiwe la kufulia. Kijani, na mgongoni ana wekundu kidogo kama sufuria mpya. Miguu mitupu, hana vibendera, kwa hiyo ni jike. Alikimbia kidogo, akasimama, akageuka. Kulikuwa na kidukari mmoja kwenye mshipa wa jani. Akamfikia, akamfunika na mdomo, akawa anamkamua huku amejiinua juu ya miguu yake yote kama asiyetaka kuchafuka. Nikasogea kidogo. Kivuli changu kilipomgusa, jani likawa tupu, sikuona hata alivyoondoka. Hakuna wa kumpungia, labda ataondoka, labda dume bado yuko kwenye kijumba chake cha udongo. Hilo silijui na sitalitungia.

Najua hutaniamini. Ningekuwa wewe nisingeniamini. Nimewahi kuwaona wawili ambao walikuwa maji. Kwa hiyo nakupa kitu ambacho sijampa mtu yeyote hapa mlimani, ukiweke juu ya maneno yangu kama jiwe juu ya bati.

Sioni karibu. Mwanamke wa Kahe namwona, mkono wangu mwenyewe ni ukungu. Ilianza ukiwa mdogo. Siku ile uliponiita nimwone nzi wa suti, niliona jani na kitu kinachometameta, basi. Vibendera sikuviona. Mguu uliobaki hewani sikuuona. Vyote nilivyovipeleka kilabuni vilitoka mdomoni mwako, umelala kifudifudi, nami nimesimama juu yako nikisema "ndiyo, ndiyo". Barua ya chuo sikuweza kuisoma. Juma lile nilipoona matone nilikuwa naona ninachokiona siku zote. Nilikuwa nakuapia kwa macho yako, na macho yako yanapanda basi kesho.

Kwa hiyo asubuhi nilifungua sanduku la bibi yako, ambalo tumekubaliana lisiguswe mpaka mwaka uishe, nikachukua miwani yake, ndipo nikaenda kwenye magimbi. Ndiyo hii naandikia sasa, na mchana, maana usiku hata nayo sioni mstari. Unaikumbuka. Ni ya pinki, ina vijiua vyeupe pembeni, na mkono mmoja nilishawahi kumfungia kwa uzi mwekundu. Nikiivaa inanibana masikio. Bado inanuka vaselini yake. Yule wa kwenye jani asubuhi ndiye bwana harusi wa kwanza niliyewahi kumwona maishani mwangu, naye ni bibi harusi.

Mama Prisca amepita sasa hivi ukingoni na mzigo wake wa majani. Nilikuwa katikati ya sentensi, sikuwahi kuivua miwani. Alisimama, akanitazama kwa kituo, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Nimeitikia marahaba.

Baba yako mdogo